Kunyanyua na kuhamisha tangi la mafuta kwa trekta: Mambo ya kuzingatia kwa wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama

Na Mwandishi Wetu, Musoma

KATIKA mashamba ya pamba wilayani Bunda, kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu ya Buhemba na Kiabakari wilayani Butiama, na katika mialo na mashamba ya umwagiliaji ya Musoma, injini za dizeli na petroli zimekuwa sehemu ya kazi ya kila siku. Trekta hulima, pampu huvuta maji, kinu husaga na boti huingia ziwani. Pale kituo cha mafuta kinapokuwa mbali na eneo la kazi, mafuta hufuatwa na kuhifadhiwa karibu, aghalabu katika tangi linaloweza kuhamishwa.

Tangi hilo halidumu mahali pamoja. Msimu wa kulima unapokwisha upande mmoja wa kijiji, mkandarasi wa barabara anaposogeza kambi, au shimo la mchimbaji linapohamia mwamba mwingine, tangi nalo hufuata kazi. Kwa kuwa winchi na foklifti ni nadra vijijini, chombo kinachotazamwa na wote ni trekta. Trekta lina nguvu, lipo karibu na dereva wake anajulikana.

Hata hivyo, trekta limeundwa kwanza kuvuta na kuendesha zana za kilimo. Linapogeuzwa kuwa chombo cha kunyanyulia mafuta, kazi inayoonekana ya dakika 10 inaweza kugharimu maisha, mali na chanzo cha maji cha kijiji kizima. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa usalama, na pia ni wakati gani isifanywe kabisa.

Hatari mbili katika tangi moja

Jambo la msingi la kushika ni kwamba tangi la mafuta lina hatari mbili zinazopokezana. Likiwa limejaa, hatari kubwa ni uzito. Likiwa tupu, uzito hupungua lakini mvuke uliobaki ndani huchukua nafasi yake. Likiwa nusu, mafuta huyumba na kulisukuma trekta upande ambao dereva hakuutarajia. Kwa sababu hiyo, kabla ya mtu yeyote kugusa mnyororo, ni lazima yajulikane mambo mawili: ndani ya tangi kuna mafuta gani, na ni kiasi gani.

Aina ya mafuta ina uzito wake katika uamuzi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi kali inayozidi ile ya barafu, hivyo katika joto la Kanda ya Ziwa huwa tayari kuwaka saa zote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hautawanyiki juu kama moshi, bali hutambaa ardhini, hujaa mitaroni na mashimoni, na huweza kufika kwenye jiko la mama lishe au sigara iliyo mbali na tangi lenyewe. Hewa yenye asilimia kati ya 1.4 na 7.6 ya mvuke wa petroli inatosha kulipuka ikipata cheche.

Dizeli ni tulivu zaidi, kwa kuwa huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi ili itoe mvuke wa kutosha kushika moto. Utulivu huo umewadanganya wengi. Dizeli ikimwagikia bomba la moshi la trekta lililokuwa kazini huweza kuwaka yenyewe bila cheche yoyote, kwa kuwa joto la bomba hilo huzidi kiwango ambacho dizeli hujiwasha. Vilevile, tangi la dizeli ambalo liliwahi kubeba petroli huweza kubaki na mvuke wa petroli, hivyo linapaswa kuchukuliwa kuwa tangi la petroli.

Taifa halijasahau tukio la tarehe 10 Agosti, 2019 katika eneo la Msamvu mjini Morogoro, ambapo lori la mafuta lilipinduka na kulipuka wakati wananchi wakichota petroli iliyokuwa ikimwagika. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Tangi linaloanguka kutoka kwenye trekta kijijini ni dogo kuliko lile la lori, lakini petroli iliyomo ndani yake ni ileile, na watu wanaokimbilia kuchota ni walewale.

Jua uzito kabla ya kunyanyua

Makosa mengi huanza kwa kukadiria uzito kwa macho. Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya dizeli ina uzito wa takriban kilo 0.84, na lita moja ya petroli takriban kilo 0.74. Pipa la lita 200 lililojaa dizeli, pamoja na chuma chake, hukaribia kilo 190. Tangi la lita 1,000 lililojaa dizeli hubeba kilo 840 za mafuta pekee. Ukijumlisha uzito wa tangi, fremu yake na pampu, mzigo mzima huweza kufika au kuzidi tani moja.

Uzito wa tangi tupu kwa kawaida huandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji. Iwapo kibao kimeng'oka au tangi limetengenezwa na fundi wa mtaani, ni vyema lipimwe likiwa tupu kwenye mzani, mathalani ule unaotumika kununulia mazao, na uzito huo uandikwe kwa rangi ubavuni mwa tangi. Kazi hiyo hufanywa mara moja na faida yake hudumu miaka yote ya tangi.

Baada ya kujua uzito wa mzigo, linganisha na uwezo wa trekta. Kitabu cha trekta hutaja uzito ambao mikono yake ya nyuma inaweza kunyanyua, lakini kiwango hicho mara nyingi hupimwa kwenye ncha za mikono. Tangi halikai kwenye ncha; kitovu cha uzito wake huwa nyuma zaidi, na kadiri kinavyosogea nyuma ndivyo uwezo halisi unavyopungua.

Mizani ya trekta

Nguvu ya haidroliki peke yake haitoshi kuwa kipimo. Trekta linaweza kuwa na nguvu ya kunyanyua mzigo na bado likakosa uwezo wa kuubeba. Mzigo unaponing'inia nyuma, ekseli ya nyuma hugeuka kuwa egemeo la mizani, na magurudumu ya mbele hupoteza uzito. Yakipoteza uzito mwingi, usukani hauongozi tena, na jiwe dogo au mteremko mfupi hutosha kuinua pua ya trekta.

Kanuni inayokubalika ni kwamba magurudumu ya mbele yabaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta lenyewe wakati wote. Tuchukue mfano wa trekta la kilo 2,500, ambalo kilo 1,000 kati ya hizo huegemea ekseli ya mbele, na umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 2. Tangi la kilo 1,000 likibebwa nyuma, kitovu chake kikiwa mita 1.5 kutoka ekseli ya nyuma, litaondoa kilo 750 kwenye magurudumu ya mbele. Hubaki kilo 250, yaani nusu tu ya kilo 500 zinazohitajika. Trekta hilo litanyanyua tangi bila kulalamika, na bado halitakuwa salama hata kwa mwendo wa hatua 20.

Tangi hilohilo likipunguzwa mafuta hadi uzito wake wote uwe kilo 580, litaondoa kilo 435 tu, na magurudumu ya mbele yatabaki na kilo 565. Sasa kazi inawezekana, ingawa kuyumba kwa mafuta yaliyobaki kutahitaji uangalifu. Njia nyingine ni kuongeza vyuma vya uzito mbele ya trekta, kwa kufuata kiwango kilichoelekezwa na mtengenezaji. Kuwakalisha vijana juu ya boneti ili "kuweka uzito", jambo linaloonekana mara nyingine mashambani, si njia ya kusawazisha trekta. Ni kuongeza idadi ya watakaoumia.

Kwa trekta lenye mikono ya kunyanyulia mbele, hali hugeuka. Uzito huhamia ekseli ya mbele, magurudumu ya nyuma huwa mepesi, na breki za trekta nyingi ziko nyuma. Trekta la aina hiyo linahitaji uzito wa kusawazisha nyuma, na mzigo usiinuliwe juu kuliko inavyohitajika, kwa kuwa kila sentimita inayoongezeka juu hulisogeza trekta karibu na kupinduka kwa ubavu.

Tangi tupu si tangi salama

Kutokana na hesabu hizo, njia bora ya kuhamisha tangi kwa trekta ni kulihamisha likiwa tupu. Mafuta yahamishiwe kwanza kwenye chombo kingine kinachofaa kwa mafuta, kwa pampu ya mkono au ya injini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuvuta mafuta kwa mdomo kwa kutumia mpira ni hatari kubwa: tone dogo la petroli au dizeli likiingia kwenye mapafu husababisha madhara mazito. Mtu aliyemeza mafuta asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja.

Wakati wa kuhamisha mafuta, injini ya trekta izimwe, simu na sigara ziwekwe mbali, na tangi na chombo kinachopokea viunganishwe kwa waya ili umemetuli usijikusanye upande mmoja na kutoa cheche. Vyombo vidogo vijazwe vikiwa chini ardhini, si juu ya tela lenye sakafu ya plastiki. Simtanki na matangi mengine ya plastiki yaliyotengenezwa kwa ajili ya maji yasitumike kuhifadhia petroli.

Tangi likishakuwa tupu, kifuniko na koki zote zifungwe. Tundu la kupumulia liachwe kama mtengenezaji alivyoelekeza, kwa kuwa tangi lililozibwa kabisa na kuachwa juani huongezeka shinikizo ndani. Kuanzia hapo tangi hilo lichukuliwe kuwa limejaa mvuke. Tangi la petroli lililojaa huwa na nafasi ndogo ya hewa, na mvuke wake mara nyingi huwa mzito mno kuwaka ndani. Lililomwagwa huingiza hewa, na mchanganyiko wa hewa na mvuke ndio unaolipuka.

Hapa ndipo lilipo kosa linalopaswa kukomeshwa katika karakana za mitaani. Pete ya kunyanyulia inapokatika, au mwenye tangi anapotaka iongezwe nyingine, tangi "tupu" hupelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Moto wa kuchomelea ukigusa ukuta wa tangi, mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka na kumuua fundi na waliomzunguka. Hata tangi la dizeli hupata hatari hiyo, kwa kuwa joto la moto wenyewe hugeuza mabaki ya dizeli kuwa mvuke. Kulisuuza kwa maji na sabuni au kuliacha wazi kwa siku mbili hakutoshi. Tangi lililobeba mafuta lisikatwe wala kuchomelewa hadi lisafishwe na kupimwa mvuke na mtaalamu mwenye vifaa. Pasipo mtaalamu, ni nafuu kutafuta fremu ya kubebea yenye mikanda kuliko kuongeza pete.

Kufunga na kunyanyua

Mzigo hunyanyuliwa kwa sehemu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo pekee. Pampu, koki, shingo ya kujazia na ngazi ya tangi si mahali pa kupitisha mnyororo. Ni muhimu pia kusoma maelezo yaliyo karibu na pete za tangi, kwa sababu matangi mengi yana pete za kunyanyulia tangi likiwa tupu tu. Pete hizo zikitumika kwa tangi lililojaa zinaweza kung'oka na kipande cha ukuta wa tangi.

Njia iliyo salama zaidi ni kuliweka tangi kwenye fremu au godoro imara la chuma au mbao, kisha kuingiza uma za kunyanyulia chini yake na kulifunga kwa mikanda ili lisiteleze. Tangi la mviringo liwe na kitako kinacholizuia kubingirika. Kijiko cha kuzolea udongo hakifai kubeba tangi, na meno yake yasitumike kama ndoano, kwa kuwa mnyororo huweza kuchomoka pale kijiko kinapoinama.

Pale inapolazimu kutumia minyororo au mikanda, itumike ile iliyoandikwa uzito inaoweza kubeba. Mnyororo wenye pingili iliyopinda au kulika, mkanda uliochanika, na ndoano iliyofunguka mdomo vitengwe visitumike tena. Mnyororo wa kufungia ng'ombe au geti haujui tofauti ya kilo 100 na tani moja mpaka unapokatika. Pembe ya kufungia nayo ni muhimu. Minyororo miwili inaponing'inia wima, kila mmoja hubeba nusu ya mzigo. Ikitanuliwa hadi kila mmoja uwe nyuzi 60 kutoka wima, kila mmoja hubeba uzito sawa na mzigo mzima. Kwa hiyo minyororo mifupi iliyolala juu ya tangi huchoka upesi kuliko mirefu inayosimama.

Kabla ya kunyanyua, eneo liandaliwe kwa hatua zifuatazo:

1. Kagua njia nzima kwa miguu, kuanzia mahali pa kunyanyulia hadi pa kushushia. Angalia mashimo, mawe, mitaro, madaraja ya magogo na nyaya za umeme zilizo juu.

2. Ondoa watoto, watazamaji na mifugo. Zima majiko na moto wowote ulio karibu.

3. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu au wa povu, pamoja na mchanga na sepetu. Maji hayafai kuzima moto wa mafuta, kwa kuwa mafuta huelea na kusambaa yakiwaka.

4. Chagua mtu mmoja wa kutoa ishara, asimame mahali ambapo dereva anamwona wakati wote. Ishara ya kusimama inaweza kutolewa na yeyote, na dereva aitii mara moja.

5. Nyanyua sentimita 10, kisha simama. Tazama kama tangi limelala sawa, kama kuna uvujaji, kama minyororo imekaa vizuri na kama magurudumu yote manne yamekanyaga ardhi kwa uzito. Likionekana tatizo, shusha na urekebishe.

Hakuna sababu inayomruhusu mtu kuingiza mkono, mguu au kichwa chini ya tangi linaloning'inia. Haidroliki hushuka ghafla mpira unapopasuka au mtu anapogusa wenzo kwa bahati mbaya. Tangi linaloyumba lizuiwe kwa kamba ndefu ya kuongozea, si kwa bega.

Mwendo wa njiani

Tangi libebwe chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, na mwendo uwe wa mtu anayetembea. Trekta nyingi zina pedali mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili kusaidia kukata kona shambani. Wakati wa kubeba mzigo pedali hizo ziunganishwe, kwani breki ikishika upande mmoja huligeuza trekta na kulipindua. Gia iwe ndogo tangu mwanzo wa mteremko, na dereva asiachie trekta lishuke likiwa nyutro.

Mwinuko una kanuni yake: mzigo uelekee upande wa juu wa mlima. Trekta lililobeba tangi nyuma lipande kwa kurudi nyuma na lishuke kwa kutangulia mbele. Lililobeba mbele lifanye kinyume chake. Njia ya kukata mlima kwa ubavu iepukwe. Katika vilima vya mawe vya Musoma na Butiama, mara nyingi njia ndefu inayozunguka ndiyo inayofika.

Kwenye mbuga za Bunda tatizo ni tofauti. Udongo mweusi wa mfinyanzi huwa mgumu na wenye nyufa wakati wa kiangazi, na huteleza na kunasa magurudumu wakati wa vuli na masika. Trekta likinasa likiwa na tangi, tangi lishushwe kwanza chini, ndipo jitihada za kulikwamua zianze. Atakayelivuta kwa trekta jingine afunge mnyororo kwenye ndoano ya kuvutia iliyo chini, kamwe si kwenye ekseli au sehemu ya juu, kwa sababu kuvuta kwa juu huinua pua ya trekta na kulilaza chali juu ya dereva ndani ya sekunde moja au mbili, muda usiotosha hata kukanyaga klachi.

Dereva akae peke yake kwenye trekta. Trekta lenye fremu ya kinga liendeshwe na dereva aliyefunga mkanda. Lisilo na fremu hiyo lisitumike kwa kazi ya aina hii. Hakuna abiria juu ya tangi, kwenye matairi wala kwenye ndoano ya nyuma.

Kunyanyua tangi kwa trekta ni kazi ya umbali mfupi ndani ya shamba, kambi au karakana. Mtu anayetaka kulipeleka tangi kutoka Bunda hadi Musoma, au kulivusha kijiji kimoja hadi kingine, halipaswi kuning'inizwa kwenye mikono ya trekta katika barabara kuu ya Mwanza, Musoma hadi Sirari, inayopitisha mabasi na malori usiku na mchana. Tangi tupu lipakiwe na kufungwa kwenye lori au tela linalofaa, na mafuta yasafirishwe na chombo chenye kibali cha kubeba mafuta.

Kushusha na kulisimika tangi

Mahali pa kushushia pawe tambarare, pagumu, palipo wazi kwa hewa, na mbali na nyumba, majiko, ghala la pamba na nyaya za umeme. Tangi lishushwe polepole hadi uzito wote ukae ardhini kabla ya kulegeza minyororo. Lisiachwe likining'inia kwenye haidroliki dereva anapokwenda kula au kulala.

Kulizunguka tangi kuwe na ukingo wa matofali au udongo ulioshindiliwa unaoweza kuzuia mafuta yote yasitoroke likipasuka. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni ukingo wenye ujazo wa asilimia 110 ya tangi. Baada ya kusimikwa, tangi likaguliwe viungo vyake vyote kabla ya kurudishiwa mafuta, na lisijazwe hadi mdomoni, kwa kuwa mafuta hupanuka juani.

Suala la maji lina uzito wa pekee katika mkoa huu. Wakazi wa Musoma hunywa maji ya Ziwa Victoria, na mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari hadi Butiama huchota katika ziwa hilohilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Tangi la mafuta la mwaloni au la pampu ya umwagiliaji halina nafasi ndani ya ukanda huo.

Mafuta yakimwagika

Tangi likivuja au kuanguka, dereva azime injini na watu wote waondoke kuelekea upande ambao upepo unatoka. Asiwepo wa kuwasha gari au pikipiki iliyo karibu, na asiwepo wa kuchota. Baada ya watu kuwa salama, na ikiwa hakuna moto, mafuta yazuiwe kwa kingo za udongo au mchanga yasifike mtaroni, kisimani au ziwani. Udongo ulioloa ukusanywe na kutengwa. Usitupwe bondeni wala kuchomwa.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa simu namba 114, na Polisi kwa namba 112. Anayepiga ataje kijiji, alama iliyo karibu, aina ya mafuta na kama kuna majeruhi. Aliyemwagikiwa mafuta avuliwe nguo na kuoshwa kwa maji mengi na sabuni, mbali na moto. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, asali na mafuta ya kupikia visipakwe kwenye jeraha.

Wajibu wa kisheria

Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mwajiri anawajibika kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na shamba, mgodi mdogo au kambi ya ujenzi ni mahali pa kazi. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) hukagua vifaa vya kunyanyulia na kutoa mafunzo kwa wanaovitumia. Kibarua anayeamriwa kusimama chini ya tangi au kupanda juu yake anapaswa kukataa.

Biashara ya mafuta inasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Anayeuza mafuta kutoka kwenye tangi la kuhamishika bila leseni anavunja sheria, na anayehifadhi kiasi kikubwa kwa matumizi yake mwenyewe anapaswa kupata maelekezo ya EWURA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Wananchi wanaotamani kuuza mafuta vijijini wanaweza kufuata utaratibu wa vituo vidogo vya mafuta, ambao Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukiuwezesha kwa mikopo. Kila kituo halali kinachojengwa karibu na wananchi hupunguza idadi ya mapipa na matangi yanayozungushwa mashambani.

Tahadhari zilizoelezwa hapa hazihitaji fedha nyingi. Kupima tangi mara moja na kuandika uzito wake, kuhamisha mafuta kabla ya kuhamisha tangi, kukataa mnyororo usiojulikana uwezo wake, na kusimama baada ya sentimita 10 za kwanza ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kila mwenye trekta. Na pale hesabu inapoonesha kuwa trekta halitoshi, uamuzi sahihi ni kusubiri chombo kinachotosha. Kazi iliyochelewa siku moja hufidiwa. Dereva, kibarua au fundi aliyepotea hafidiwi.